"Nani" ya Kijapani si "Nani" Yetu

Hapa Matasia, jirani na Ngong, nawasomesha vijana wawili wanaotaka kwenda kufanya kazi Japani. Neno la kwanza kuwatatiza ni "nani", kwani kwa Kijapani maana yake ni "nini". "Nani" yetu wao huiita "dare". "Wapi" ni "doko", "lini" ni "itsu", "bei gani" ni "ikura". Kama kwetu, neno la kuuliza hukaa palepale litakapokaa jibu, kisha swali hufungwa kwa "ka".

Lakini msomaji, zingatia adabu. Kumwuliza mgeni "dare" ni kama kumwambia "We nani?" Heshima ni "donata". Sisi wa pwani, tuliozoea kuitikia hodi kwa "Nani mwenzangu?", hilo twalifahamu upesi.