Kwa nini taa za gari hufifia usiku, na fundi aanzie wapi?

Barabara ya kutoka Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilishwa kuwekwa lami mwaka 2012, na hadi leo ndiyo njia kuu ya kuingiza Sudan Kusini bidhaa zinazotoka Uganda na bandari ya Mombasa. Nje ya miji giza lake ni totoro. Dereva aliyechelewa huona kile tu kinachomulikwa na gari lake, awe mwenda kwa miguu, ng'ombe, au lori lililoharibika na kuachwa njiani.

Taa zinapoanza kufifia, wengi hukimbilia kununua balbu mpya, na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure. Balbu iliyokufa kwa kawaida huzimika kabisa. Taa zote mbili zikififia kwa pamoja, kinachopaswa kutiliwa shaka ni umeme unaozifikia.

Balbu za halojeni, ambazo bado zimo katika magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani, hazivumilii umeme pungufu. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa takriban asilimia 30. Ndiyo maana hitilafu ndogo, ambayo haizuii gari kuwaka wala honi kulia, huonekana mapema kwenye taa.

Kipimo kabla ya kipuri

Fundi mwenye kipima-volti huanzia kwenye betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa, kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kikibaki chini ya 13, alteneta haichaji ipasavyo. Dalili yake dereva anaweza kuiona mwenyewe: taa hufifia gari linaposimama kwenye msongamano, kisha hung'aa anapokanyaga mafuta. Kabla ya kuing'oa alteneta, mkanda wake ukaguliwe, kwa kuwa mkanda uliolegea huteleza na kupiga kelele. Ukiwa mzima, huenda kaboni za ndani ya alteneta zimelika.

Ipo desturi ya baadhi ya mafundi wa kando ya barabara kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama alteneta inafanya kazi. Ni desturi mbaya. Volti zinaweza kupanda ghafla na kuunguza vifaa vya kielektroniki, na hasara yake huzidi mbali gharama ya kipima-volti.

Hali huwa tofauti iwapo betri inasoma vizuri lakini taa bado ni hafifu. Hapo umeme unapotea njiani. Taa zikiwa zimewashwa, fundi hupima tena penye soketi ya balbu. Betri ikiwa na volti 14 na balbu ikapata 12.5, volti moja na nusu imeliwa na waya, swichi au viungo. Mshukiwa wa kwanza ni waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, ambako vumbi la kiangazi na tope la masika hujenga kutu. Kuufungua, kuusugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kuukaza na kuupaka grisi ni kazi ya dakika chache.

Katika magari ya zamani, umeme wote wa taa kubwa hupitia swichi ya usukani. Balbu mbili za wati 60 huvuta takriban ampea 10, mzigo ambao swichi iliyochakaa haiumudu. Tiba ni kufunga rilei pamoja na waya mnene wenye fyuzi kutoka kwenye betri. Kuweka balbu za wati 100 badala yake huongeza mzigo huohuo na kuyeyusha soketi.

Joto la Juba

Machi 2024, serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufikia nyuzijoto 45. Chini ya boneti hali huwa kali zaidi, na joto huharakisha kutu ndani ya betri na kukausha maji yake. Betri yenye vifuniko ikaguliwe mara kwa mara na kuongezewa maji yaliyochujwa maalumu kwa betri, si asidi wala maji ya kisima.

Jua hilohilo hufanya vioo vya plastiki vya taa kuwa vya manjano. Vikisuguliwa na kung'arishwa, mwanga hurudi.

Limebaki jambo moja ambalo kipima-volti hakilioni. Sudan Kusini huendesha upande wa kulia, ilhali taa za magari yenye usukani wa kulia zimetengenezwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto. Jijini Juba, mwanga huo huishia machoni mwa dereva anayekuja, na ukingo wa kulia, wanakopita watembea kwa miguu, hubaki gizani. Kwa gari kama hilo, dawa ni kubadili taa nzima na kuweka iliyoundwa kwa nchi zinazoendesha kulia.