Bendi tatu, till moja mlangoni
Ijumaa tulijibana kwenye klabu ndogo Nairobi kuona bendi tatu za roki. Klabu ndogo ina raha yake: mpiga gita yuko hatua mbili tu, ngoma unazisikia kifuani. Na pesa za mlangoni ndizo bendi zinagawana, hakuna zingine.

Sasa, dada aliyekuwa mbele yetu akaweka nambari ya till iliyobandikwa ukutani. Kabla ya PIN, akasoma jina: duka la viatu! Kumbe mtu amebandika karatasi yake juu ya ile ya klabu. Akakatiza malipo, akamwita baunsa. Tisa walikuwa washalipa. Tuliwaambia wapigie huduma kwa wateja hapo hapo, kabla pesa haijatolewa.

Bendi ya kwanza ilianza sisi tukiwa bado mlangoni.