TABLETI YA CHAMA: TUIBADILISHE AU TUIACHE?

Mhariri ameniomba nieleze jambo ambalo limetutia ubishi chamani mwaka mzima, yaani ile tableti ya kusomea vitabu tuliyoletewa na mwanachama wa zamani anayeishi Marekani. Wapo wanaotaka programu yake ya kiwandani ifutwe yote, itiwe nyingine. Wengine wanasema iachwe vivyo hivyo. Mimi ndiye mtunzaji wake, basi nina la kusema.

Kwanza tuifahamu. Ni Nook Color, iliyotolewa na kampuni ya vitabu ya Barnes & Noble huko Marekani mnamo Novemba 2010 kwa dola 249. Kioo chake ni cha inchi 7 na kina rangi. Haina kamera wala kipaza sauti, kwa hivyo wale waliodhani watapigia picha wasahau! Ina tundu la kadi ndogo ya kumbukumbu, sawa na ile ya simu. Lishikeni hilo tundu, nitalirudia.

Chombo cha aina hii kina programu inayokiamsha kinapowashwa na kukiambia la kufanya. Ya kiwandani hutiwa na kampuni iliyokiunda. Ile nyingine hutungwa na watu wa nje, aghalabu wa kujitolea, nawe ukaitia mwenyewe. Ni kama nyumba ya kupanga. Ukikaa na ya kiwandani, mwenye nyumba hukutengenezea bomba likivuja, lakini pia ana ufunguo wake.

Kwani huo ufunguo una ubaya gani? Sikilizeni kisa cha Julai 2009. Kampuni ya Amazon iligundua kuwa imewauzia wasomaji wa Kindle vitabu viwili vya George Orwell, kimoja kikiwa kile tunachokiita Shamba la Wanyama, kutoka kwa mchapishaji asiyekuwa na haki navyo. Ikavifuta kutoka mbali, ndani ya vyombo vya watu, ikawarudishia pesa zao. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo humo, yakabaki hayana kitabu cha kuyaeleza. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Sawa, aliomba. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Turudi kwa Nook. Chini ya duka lake la vitabu mna Android, ile ile ya simu. Watundu wa mambo haya waligundua mapema, na mwaka wa 2011 ikapata CyanogenMod 7, programu ya kujitilia iliyotokana na Android 2.3. Ilifungua mengi. Hata Bluetooth, ambayo ilikuwamo ndani ya chombo lakini haikuwashwa na kiwanda, ilianza kufanya kazi. Kampuni nayo ikalegeza kamba Aprili 2011, ikaleta Android 2.2 na duka dogo la programu.

Kwetu sisi wa Kiswahili faida kubwa ni kamusi. Programu ya kiwandani ina kamusi ya Kiingereza ya Merriam-Webster. Ukiliuliza neno "kitendawili" linakutumbulia macho tu. Kwa programu ya kujitilia unaweza kuweka kisomaji kinachokubali kamusi utakayoichagua mwenyewe. Hapo mwenyekiti wetu ana hoja, tena nzito.

Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Wenzangu wa kidato cha nne wanasema eti tukishabadilisha tutapakua kila kitu. Wapi! CyanogenMod ilifungwa Desemba 2016, na warithi wake wakaanzisha LineageOS. Isitoshe, tangu tarehe 27 Septemba 2021, Google haikubali mtu aingie katika akaunti yake kwa chombo chenye Android 2.3.7 au ya chini yake. Duka la Google basi limefungwa kwa CyanogenMod 7. Kitakachosomwa ni kile tutakachokitia wenyewe kwa waya au kwa kadi. Na hilo, jamani, hata programu ya kiwandani inaliweza: inafungua faili za EPUB na PDF bila matata.

Hatari ninayoiogopa mimi ni nyingine. Nook Color ikifutwa na kurudishwa ilivyotoka kiwandani, hudai isajiliwe upya kwa kampuni kupitia intaneti. Sasa tableti yetu imesajiliwa na inafunguka. Tukiifuta, tutakuwa tumeyaweka maktaba yetu yote mikononi mwa kompyuta iliyoko ng'ambo, tukiomba ikubali kuitikia chombo cha 2010. Isipoitikia, wanachama watasomea nini? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa lile tundu. Nook Color ikiwashwa hutazama kadi kwanza kabla ya kutazama ndani yake. Ikikuta kadi yenye programu kamili ya kuiwasha, huamka nayo. Ukiichomoa kadi, huamka na programu ya kiwandani kana kwamba hapakuwa na mgeni. Kwa hivyo CyanogenMod inaweza kukaa yote kwenye kadi. Ni kweli kadi ni nzito kidogo kuliko kumbukumbu ya ndani, hasa ikiwa ya bei rahisi, na kurasa huchelewa kufunguka. Afadhali kuchelewa.

Nimemweleza mlezi wa chama hivyo, naye ameafiki kadi inunuliwe kwa pesa za chama. Itatiwa kamusi na hadithi zilizoshinda katika mashindano yetu ya insha. Anayetaka kuitumia atakuja kwangu baada ya masomo ya jioni, atie sahihi daftarini, na aizime tableti kwanza kabla ya kuitia kadi au kuichomoa. Sitaki kumwona mtu akiichomoa ikiwa inawaka!