Adui Aliyejificha Sikioni

Kaskazini-magharibi ya mji wa Goma kuna milima ya Masisi. Huko kuna baridi, mvua hunyesha sana, na majani ni mengi. Ndiyo sababu watu wengi hulisha ng'ombe katika milima hiyo. Maziwa hushuka mjini, na jibini ya Masisi inajulikana sana katika masoko ya Goma. Vita vilipoanza Masisi mwaka 1993, ng'ombe wengi sana waliibwa au walichinjwa. Wenyeji wakaanza tena, wakinunua mmoja mmoja. Ng'ombe mmoja wa maziwa huweza kulipa karo ya watoto wa nyumba nzima. Basi ng'ombe akifa, msiba ni wa wote.

Chukueni mfano huu. Mfugaji mmoja ana ng'ombe kumi na wawili. Katika siku kumi wanakufa watatu: ndama wawili, na ng'ombe mmoja wa kizungu mwenye maziwa mengi. Watu wanaanza kunong'ona. Mmoja anasema, "Maji ya mto yana sumu." Mwingine anasema, "Jirani yako ana jicho baya. Juzi alimsifu yule ng'ombe." Mfugaji anachukua fimbo aende kwa jirani. Mke wake anamzuia mlangoni: "Baba Fulani, ngoja kwanza. Mwite daktari wa ng'ombe."

Daktari anakuja. Hatoi dawa mara moja, bali anauliza maswali.

Swali la kwanza: Ni nani wanaougua, na ni nani wazima? Mfugaji anajibu kwamba ng'ombe wakubwa wa kienyeji ni wazima wote. Lakini wote hunywa maji ya mto mmoja. Kama maji yangekuwa na sumu, je, yangechagua ndama na mgeni tu?

Swali la pili: Ni jambo gani lililobadilika siku za nyuma? Mfugaji anakumbuka mambo mawili. Miezi miwili iliyopita alinunua mtamba sokoni, akamwingiza zizini siku ile ile. Tena, dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikwisha, na kwa wiki sita hakuwaogesha.

Swali la tatu: Dalili ni zipi? Daktari anampima ndama mwingine aliye mgonjwa. Homa yake imefika digrii 41. Tezi chini ya sikio imevimba. Anapumua kwa shida, na povu linamtoka puani. Daktari anafunua sikio: limejaa kupe wa rangi ya kahawia.

Hata sasa daktari hasemi kwamba amekwisha kujua. Anaingiza sindano katika ile tezi, anatoa tone dogo, analipaka juu ya kioo, na kulipeleka Goma likatazamwe kwa hadubini. Huko wanaonekana vijidudu ndani ya chembe nyeupe za damu. Ugonjwa ni ndigana kali.

Ugonjwa huu uliwasumbua hata wataalamu. Mwaka 1896 sotoka iliwamaliza ng'ombe wengi wa kusini mwa Afrika. Baadaye watu wakanunua wengine kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1902 ugonjwa usiojulikana ukaanza kuua ng'ombe katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Mjerumani Robert Koch alikuwa ameviona vijidudu vyake Dar es Salaam mwaka 1897, lakini alidhani ni vya homa nyingine. Alichunguza tena mwaka 1903, akakiri kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake. Mwaka 1904 Charles Lounsbury, huko Afrika ya Kusini, alionyesha kwamba anayeueneza ni kupe yule wa kahawia akaaye masikioni.

Kupe huyu hupanda juu ya wanyama watatu katika maisha yake. Akiwa mdogo ana miguu sita. Hunyonya damu, huanguka majanini, hukua na kupata miguu minane. Kisha humpanda mnyama wa pili, huanguka tena, hukua, na kumpanda wa tatu. Akinyonya damu ya ng'ombe mwenye vijidudu, atampa ugonjwa yule atakayempanda baadaye. Wiki moja hadi tatu hupita kabla homa haijaonekana. Ng'ombe wa kienyeji walioupata utotoni wakapona hupata nguvu ya kuuzuia. Ndiyo maana wale wakubwa hawakuugua.

Dawa ya kutibu ipo, lakini lazima itolewe mapema. Chanjo pia ipo. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970. Ng'ombe hutiwa vijidudu vilivyo hai, na papo hapo hupewa dawa ya kuuzuia ugonjwa usimwelemee. Lakini kinga ya kila siku ni hii: kuogesha ng'ombe kwa dawa iliyopimwa sawasawa, kutazama masikio yao, na kumtenga ng'ombe mgeni mpaka aogeshwe na kukaguliwa.

Tena kupe hajui mpaka wa malisho. Mfugaji akiogesha peke yake, kupe wa jirani watavuka ua. Kwa hiyo yule mfugaji alikwenda kwa jirani yake kweli, lakini bila fimbo. Alikwenda kupatana naye siku ya kuogesha ng'ombe wao pamoja.

Maswali
1. Kwa nini daktari hakukubali kwamba maji ya mto yana sumu?
2. Kupe huupataje ugonjwa, na huupeleka wapi?
3. Robert Koch alikosea nini kwanza? Alifanya nini baadaye?
4. Kwa nini mfugaji alimhitaji jirani aliyetaka kumpiga?