Mshale Kando ya Geji: Maarifa Yaliyomo katika Vitu Vidogo vya Gari

Gari kwa kawaida husifiwa kwa nguvu ya injini yake, kwa ulaji wake mdogo wa mafuta au kwa umbo la bodi yake, lakini wepesi wa kulitumia kila siku hutokana kwa sehemu kubwa na vitu ambavyo havitajwi kabisa mnunuzi anapopatana bei na muuzaji. Taaluma inayovichunguza vitu hivyo huitwa ergonomia, yaani elimu ya kukilinganisha kifaa na mwili, hisia na akili ya mtu anayekitumia, badala ya kumlazimisha mtu huyo ajilinganishe na kifaa. Mwanasaikolojia wa Marekani Donald Norman, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku, alitofautisha maarifa yanayokaa kichwani na maarifa yanayokaa katika vitu vyenyewe. Ya kwanza hulazimika kukaririwa na husahaulika, ilhali ya pili humsubiri mtumiaji mahali pale pale anapoyahitaji.

Hakuna kitu kinachoonyesha tofauti hiyo kwa uwazi zaidi kuliko mshale mdogo ulio kando ya picha ya pampu katika geji ya mafuta. Hakuna kanuni moja ya kimataifa inayoamuru mdomo wa tangi uwe kushoto au kulia, kwa hiyo dereva aliyeazima au kukodi gari huweza kufika kituo cha mafuta na kusimama upande usiofaa wa pampu. Mwaka 1986, mhandisi wa kampuni ya Ford aitwaye Jim Moylan alipatwa na tatizo hilo siku ya mvua akiwa na gari la kampuni, akalowa, kisha akawaandikia wakubwa wake pendekezo la kuweka alama ndogo itakayoonyesha upande wa tangi. Pendekezo hilo lilikubaliwa, mshale ukaanza kuonekana katika magari ya Ford ya toleo la 1989, na baadaye watengenezaji wengine duniani wakauiga. Inafaa kukumbuka kwamba ni mshale huo tu unaoaminika, kwa kuwa imani iliyoenea kwamba upande wa mpira katika picha ya pampu ndio upande wa tangi haina ukweli katika magari mengi.

Ubora wa mshale huo ni kwamba hauhitaji waya, mota wala matengenezo. Wino kidogo uliochapwa kwenye dashibodi unaondoa swali lililokuwa likijibiwa kwa kubahatisha, na unafanya hivyo kwa dereva mgeni na mwenyeji sawasawa.

Kitu cha pili kinachostahili kutazamwa kwa karibu ni kioo cha kati cha kutazamia nyuma, hasa kile chenye kishikio kidogo chini yake kinachosukumwa wakati wa usiku. Madereva wengi hukitumia kishikio hicho bila kujua kwamba kioo chenyewe kimekatwa kwa umbo la kabari, yaani uso wake wa mbele na uso wake wa nyuma haziko sambamba, bali upande mmoja ni mnene kuliko mwingine. Uso wa nyuma umepakwa tabaka la metali linaloakisi sehemu kubwa ya mwanga, ilhali uso wa mbele ni kioo kitupu, ambacho huakisi takriban asilimia 4 tu ya mwanga unaokiangukia. Mchana, kioo hukaa kwa namna ambayo mwanga unaoakisiwa na uso wa nyuma humfikia dereva machoni, kwa hiyo picha huwa angavu. Usiku, kishikio kikisukumwa, kioo huinama kidogo na mwanga huo mkali huelekezwa kwingine, huku macho ya dereva yakipokea ule uakisi hafifu wa uso wa mbele. Taa za lori lililo nyuma bado huonekana, lakini hazichomi macho.

Manufaa ya kioo hicho yanaeleweka zaidi mtu akizingatia jinsi jicho linavyofanya kazi. Retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, huhitaji dakika 20 hadi 30 ili kuzoea giza kikamilifu, lakini mwanga mkali wa muda mfupi tu huweza kuuharibu uzoefu huo, hata dereva akashindwa kumwona mwendesha baiskeli asiye na taa kando ya barabara. Kipande cha kioo kilichokatwa kwa hesabu, bila umeme wowote, humlinda dereva pamoja na huyo asiyeonekana.

Indiketa nayo ina hekima yake. Dereva anapomaliza kukata kona na kuurudisha usukani, kijino kilichofungwa kwenye mhimili wa usukani huusukuma mkono wa indiketa urudi mahali pake, kwa hiyo taa hujizima yenyewe. Mlio wake pia una historia: zamani ulitokana na kipande cha chuma ndani ya swichi kilichojipinda kwa joto na kunyooka kilipopoa, na ingawa magari mengi ya leo hayana kipande hicho, watengenezaji huutoa mlio huo kwa spika, kwa kuwa sikio humkumbusha dereva jambo ambalo jicho lililoelekezwa barabarani haliwezi kuliangalia.

Hapo ndipo linapoonekana tatizo la magari mapya yanayohamishia kila swichi kwenye skrini ya kugusa. Kitufe cha kuzungusha hutambuliwa kwa vidole, ilhali skrini ni tambarare na humlazimisha dereva aitazame. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa gari hupita karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 2 za kutafuta alama kwenye skrini ni zaidi ya mita 30 zinazopitwa bila macho barabarani. Ndiyo sababu Euro NCAP, chombo cha Ulaya kinachopima usalama wa magari, katika vigezo vyake vya mwaka 2026 kinayapa uzito magari yanayobakiza vidhibiti halisi vya kushikika kwa shughuli za msingi kama vile indiketa, waipa na honi.

Kanuni ya kukilinganisha kifaa na mtu haiishii katika magari ya watu binafsi. Katika mfumo wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016 na kujulikana kwa jina la mwendokasi, sakafu ya kituo imeinuliwa hadi kimo cha sakafu ya basi, ili mzee mwenye mkongojo, mama aliyebeba mtoto na mtu anayetumia kiti cha magurudumu waingie bila kupanda ngazi. Aliyebuni kimo hicho hakuongeza kasi ya basi, ila aliondoa kizuizi ambacho mtu mzima mwenye afya hakioni kama kizuizi.

Mshale, kioo cha kabari, indiketa inayojizima na sakafu iliyosawazishwa vina asili moja: kuna mtu aliyeichukulia tabu ndogo ya wengine kuwa jambo linalostahili kufikiriwa. Wahandisi, mafundi na wanafunzi wa vyuo vya ufundi wa Afrika Mashariki, wanaounda bodi za mabasi na kurekebisha bajaji kila siku, wana nafasi ile ile aliyokuwa nayo Moylan, kwa sababu kazi ya namna hii huhitaji kwanza kumtazama mtumiaji kwa makini, na hilo halihitaji kiwanda kikubwa.