Bei ya Umeme na Upinzani wa Wananchi

Kila lilipoletwa ombi la kupandisha bei ya umeme majumbani, wananchi wa Tanzania walilipinga. Mwishoni mwa mwaka 2011 TANESCO iliomba nyongeza ya asilimia 155, na Mamlaka ya Udhibiti, yaani EWURA, ikaruhusu asilimia 40.29 kuanzia Januari 15, 2012. Mwaka 2013 likaja ombi la asilimia 67.87, na ikaruhusiwa asilimia 39.19 kuanzia Januari 1, 2014. Wako wataalamu waliozoea kusema kwamba upinzani huu unatokana na kutoelewa, kwamba mwananchi anataka taa lakini hataki kulipa. Kada anayekwenda kwa wananchi na jibu hilo mfukoni afadhali abaki nyumbani, kwa sababu jibu lenyewe si la kweli. Hapana budi tulichambue jambo hili kutoka kwenye mizizi yake.

Umeme ni moja ya njia kuu za uchumi zilizotajwa na Azimio la Arusha mwaka 1967. Serikali ilikwisha nunua hisa katika kampuni za umeme tangu 1964, na mwaka 1975 ikawa mmiliki wa TANESCO yote. Kwa miaka mingi shirika lilitegemea nguvu ya maji: Hale, Nyumba ya Mungu, Kidatu, Mtera, baadaye Kihansi. Bwawa likishajengwa, maji hayadai mshahara wala hayaagizwi kwa fedha za kigeni. Lakini mvua ikikosa, mitambo husimama.

Hapo ndipo mgeni alipoingia. Mwaka 1995 ulitiwa saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mtambo wa megawati 100 unaotumia mafuta, uliojengwa Tegeta na kuanza kuzalisha mwaka 2002. Yafaa kila kada aelewe namna mikataba ya aina hii inavyofanya kazi, maana siri ya bei imelala humo. Mnunuzi hulipa mara mbili. Kwanza hulipia mafuta na umeme alioupokea, na hilo halina ubishi. Pili hulipia kuwepo kwa mtambo, kila mwezi, uwake usiwake. Malipo haya ya pili huhesabiwa kwa dola, ambapo mama lishe wa Buguruni hupata kipato chake kwa shilingi. Shilingi ikishuka, deni hupanda bila hata yuniti moja kuongezeka.

TANESCO yenyewe ilibishia hesabu za malipo hayo. Mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti maalumu Benki Kuu ya kuhifadhi fedha zilizokuwa na mgogoro. Fedha hizo, takriban shilingi bilioni 306, zikatolewa mwishoni mwa mwaka 2013, na Bunge likalijadili jambo hilo kwa hasira mwezi Novemba 2014. Kabla ya hapo, ukame wa 2005 na 2006 ulileta mkataba wa dharura wa Richmond, uliomfanya Waziri Mkuu ajiuzulu Februari 2008. Tazama mfuatano wa tarehe: fedha za akaunti zinatolewa katika majira yale yale ambapo mwananchi anaitwa mkutanoni kuelezwa kwamba shirika halina fedha. Mwananchi anayekataa kulipa zaidi katika hali hiyo anaelewa vizuri sana. Anauliza ni kwa nini mzigo wa mkataba mbovu utuliwe begani mwake.

Hata hivyo, si haki kuishia hapo. Neno "wananchi" lisituzuie kuona kwamba wapinzani wa bei hawana maslahi ya namna moja. Mwenye kiwanda hupinga, naye ana wanasheria na mahesabu yaliyopigwa chapa. Mwenye jumba lenye viyoyozi vinne hupinga. Mpangaji wa chumba kimoja hupinga. Na yuko mkulima ambaye hapingi lolote, kwa kuwa mwaka 2012 nguzo ya umeme ilikuwa haijafika kijijini kwake. Wakati ule kaya zilizokuwa na umeme zilikuwa chini ya robo ya kaya zote nchini. Umeme ukiuzwa kwa hasara na pengo likazibwa na Hazina, mkulima huyu huchangia viyoyozi vya mjini.

Kwa sababu hiyo "asilimia" ni neno la kuchunguzwa. Nyongeza ya 2014 ilitangazwa kuwa ya wastani wa asilimia 39.19. Kabla yake mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 60 kwa kila yuniti katika yuniti 50 za kwanza, na shilingi 273 kwa zinazozidi. Baadaye akalipa shilingi 100 katika yuniti 75 za kwanza, na shilingi 350 kwa zinazozidi. Tukiacha kodi na tozo nyingine, tupige hesabu. Aliyetumia yuniti 30 kwa mwezi alitoka shilingi 1,800 akafika 3,000, yaani nyongeza ya theluthi mbili. Aliyetumia yuniti 75 alitoka shilingi 9,825 akashuka hadi 7,500. Wastani mmoja, na ndani yake yule mwenye taa mbili na redio amepandishiwa, mwenye jokofu amepunguziwa! Sidhani kama ilikusudiwa hivyo. Kupanua kundi la bei nafuu hadi yuniti 75 lilikuwa jambo jema. Lakini nia njema haisomeki kwenye LUKU.

Mbaya zaidi ni hali ya nyumba za kupanga. Nyumba ya vyumba vinne, kila mpangaji akitumia yuniti 40, na mita ni moja. Kwa mita hiyo nyumba imetumia yuniti 160, hivyo inatolewa katika kundi la mteja mdogo na kulipa bei ya kawaida, ambayo mwaka 2014 ilikuwa shilingi 306. Jumla ni shilingi 48,960, au 12,240 kwa kila chumba. Mtu huyo huyo angekuwa na mita yake angelipa 4,000. Bei iliyotungwa kumlinda mnyonge inampita mlangoni, inakwenda kumlinda mwenye nyumba ndogo ya peke yake.

Mwishoni mwa 2016 EWURA iliidhinisha nyongeza nyingine, asilimia 8.53, baada ya TANESCO kuomba 18.19. Serikali ikaisimamisha kabla haijaanza kutumika, na Januari 1, 2017 Rais Magufuli akamwondoa mkurugenzi wa shirika. Mitaani watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini amri ya kuzuia bei haifuti gharama. Huihamishia kwenye deni la shirika au kwenye nguzo zisizobadilishwa. Kinachopunguza gharama ni kubadili chanzo cha umeme. Bomba la gesi kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015, na bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024.

Sheria ya EWURA ya mwaka 2001 inataka ufanyike uchunguzi wa wazi kabla ya bei kubadilishwa, na liko Baraza la watumiaji la kuwasemea. Nafasi hiyo mara nyingi hutumiwa vibaya: watu hulalamika kwa jumla, maofisa huandika kwa jumla, na ombi hupunguzwa kidogo kana kwamba ni bei ya nyanya sokoni. Kada wa tawi anaweza kufanya kazi nyingine kabla ya siku ya mkutano. Aorodheshe nyumba za mtaa wake zenye mita moja na wapangaji wengi, yuniti zinazotumika na kiasi kinacholipwa na kila chumba, kisha orodha hiyo isomwe mbele ya wenye ombi. Pia waulizwe ni sehemu gani ya gharama inayokwenda kulipia mitambo isiyowaka, na mikataba yake inakwisha mwaka gani.