Bustani ya Mboga Karibu na Nyumba Wakati wa Kiangazi



Kila mwaka mvua inapokatika mwezi wa Mei, hapa Mpanda na katika nchi yote ya Katavi, mboga huwa tele kwa majuma machache tu. Kisha majani ya kunde na ya maboga hukauka pamoja na mahindi, na ifikapo Agosti nyumba nyingi hula ugali na dagaa kila siku, wala watoto hawaoni jani bichi. Mvua ya kutumainiwa haitarudi mpaka Novemba.

Watu wengi, wakiona hivyo, huchukua jembe na kushuka mtoni. Siwalaumu, kwa maana mimi nami nilikosa vivyo hivyo. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi nilimwonyesha mzee mmoja mahali pazuri ukingoni mwa mto, penye udongo mweusi na unyevu, akalima nyanya na mchicha kwa bidii. Usiku mmoja kiboko akapanda, akala na kukanyaga vyote. Alfajiri mzee alikwenda na ndoo yake, akajikuta amesimama kati ya kiboko na maji. Alipona kwa kuparamia mti. Tangu siku ile simshauri mtu yeyote kulima mtoni.

Yakupasa kujua sababu. Wakati wa kiangazi mto Katuma hupungua hata kuwa madimbwi, na viboko na mamba husongamana humo. Usiku kiboko hutoka kutafuta majani, na kabla ya jua kupanda hurudi; amkutaye njiani yu katika hatari ya mauti. Tena, jembe likilegeza udongo wa ukingo, mvua huuzoa na kuujaza mtoni, na kila mfereji uchepushao maji huwanyima walio chini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza, ndani ya meta 60 kutoka ukingoni, kazi za kudumu au ziwezazo kuuharibu ukingo.

Basi uilete bustani nyumbani, nayo iwe ndogo. Kitanda cha meta 3 kwa meta 1 chatosha kuanzia, maana chahitaji debe moja la maji kwa siku wakati wa joto, na pungufu ya hapo wakati wa baridi ya Juni na Julai. Sehemu ya debe hilo unayo tayari: maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya kusuuzia vyombo. Maji yenye sabuni nyingi usiyatumie.

Usiinue tuta kama ufanyavyo masika. Tuta la juu hukaushwa na upepo upesi. Chimba kitanda kishuke kiganja kimoja chini ya usawa wa ardhi, changanya samadi iliyooza vizuri, ukiache na kingo pande zote ili maji yasitoroke. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu. Nimeona kitanda kilichofunikwa kikiwa kibichi chini jioni, na cha jirani yake, kilichonyweshwa saa ile ile, kimekuwa vumbi. Lakini nyasi ni maficho ya nyoka: zipige kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono. Maji tia asubuhi mapema au jioni, shinani, si juu ya majani.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno. Zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage. Baada ya majuma 3 au 4 utaanza kuchuma. Usiung'oe. Kata juu, ubakize shina lenye vifundo kadhaa, nao utachipua tena. Upande wa kivuli panda marando ya viazi vitamu kwa ajili ya matembele.

Adui wa kwanza wa bustani hii si tembo, ila ni kuku wako mwenyewe. Zungusha miiba au fito kabla ya kupanda, si baada ya kupanda. Ukiona vidukari wameganda chini ya majani, waponde kwa vidole au uwaoshe kwa maji. Tazama pia kama yupo mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi: huyo mwache, kwa kuwa yeye na watoto wake hula vidukari. Chura naye mwache chini ya nyasi. Kazi yake ni ya usiku, nawe hulipi.

Ua la boga lenye kiboga kidogo chini yake ni jike, na bila nyuki kuliletea unga wa ua dume, kiboga huoza na kuanguka. Nyuki huja asubuhi maua yanapofunguka. Atiaye dawa ya wadudu saa hiyo ajiharibia mwenyewe. Mwezi wa Oktoba nyuki hutafuta maji mpaka ndani ya ndoo zako. Wawekee sahani ya maji yenye mawe ya kutulia, mbali na mlango.

Ikiwa wakaa karibu na hifadhi, usilaze maboga yaliyoiva nje, kwa maana tembo huyanusa kutoka mbali. Akija, usitoke kumfukuza. Wapelekee habari viongozi wa kijiji na askari wa wanyamapori.

Mwezi wa Septemba miyombo itachipua majani mekundu. Usidhani masika yamefika, maana miti hiyo hutangulia mvua. Endelea kunywesha, hasa marando. Ardhi itakapolowa sawasawa Novemba, majirani watazunguka wakitafuta mbegu ya viazi, nawe utakata yako kitandani. Chagua yasiyo na madoa wala majani yaliyojikunja, urefu wa shubiri moja na nusu, ufukie theluthi mbili ya kila rando. Yatakayozidi, wape majirani.